Vichupa vya Akina Murgatroyd

Friji ilikuwa wazi, tupu. Vichupa arobaini vya mate vilikuwa vimetoweka.

Inspekta Alison Ogden hakutulia. Alifungua kabati za jiko la ukumbi wa kanisa la Warley, akazifunga, akachungulia dirishani, akarudi. Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa za kijiji kizima.

"Nani aibe mate?" aliuliza.

"Watu wa Lancashire, mahasimu wetu wa jimbo jirani," alijibu Clifford Murgatroyd, mwenyekiti wa ukoo, bila kucheka. Alikuwa anakaribia miaka themanini, na macho yake yalikuwa mekundu. "Jana tulikusanyika akina Murgatroyd wote. Kila mwanamume alitema kwenye kichupa chake. Maabara ingepima vinasaba, itwambie kama sote tumetoka kwa babu mmoja."

"Na jina lenyewe?"

"La hapa hapa. Zamani mwanamke aitwaye Margaret alikuwa na shamba lililofyekwa msituni. Waliolikalia wakaitwa kwa shamba hilo: Murgatroyd, yaani shamba la Margaret. Ndivyo tunavyoamini. Nimelifuatilia jina hili maisha yangu yote, afande."

Inspekta alizunguka meza. Jana maji ya moto yalikatika, kwa hiyo vikombe vya chai viliachwa vichafu pale pale watu walipoketi. Vyote, isipokuwa viwili.

"Nani alikaa hapa?"

"Mimi. Na hapo mwanangu, Neil."

"Ulirudi kuviosha?"

"Mimi? Muulize mke wangu lini nimewahi kuosha kikombe."

Inspekta akaenda kumuuliza.

Maureen Murgatroyd alikuwa jikoni kwake akimenya viazi. Sufuria ilikuwa imefurika, na bado alimenya.

"Mumeo anasema ni watu wa Lancashire."

"Cliff hata mvua husema imetumwa na Lancashire."

"Una ufunguo wa ukumbi?"

"Wanawake wote tunao. Unadhani nani hufagia?"

"Ni mmoja tu aliyeosha kikombe cha mumewe na cha mwanawe, akaacha vingine."

Kisu kikasimama.

"Niliogopa mngepima mate ya kwenye vikombe," alisema. "Kwenye televisheni hufanya hivyo."

"Neil si mtoto wa Clifford?"

"Ishia hapo, mwanangu. Neil ni wake, mpaka masikio." Akaketi. "Cliff ndiye si Murgatroyd."

Mama mkwe wake alimwambia akiwa anakata roho. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mateka Mwitaliano aliletwa kulima shambani kwao. Mumewe aliporudi kutoka vitani alijua yote, akampa mtoto jina lake, na hakulizungumza tena.

"Angevuliwa jina mbele ya ukoo mzima, na kipande cha karatasi," alisema Maureen. "Nilichukua vyote ili isijulikane ni cha nani nilichokitaka."

"Viko wapi?"

"Kwenye friza, chini ya njegere. Kuvitupa nilishindwa. Niliomba, nikaomba."

Inspekta alivitoa, akasimama navyo.

"Lazima virudi leo. Lakini kichupa ni mali ya aliyetema. Anaweza kukiondoa bila kutoa sababu. Ila Clifford aombe mwenyewe, na Neil chake vilevile."

"Basi lazima Cliff ajue."

"Lazima. Kwa mdomo wa nani, hilo bado ni lako."

Gari likaingia uani. Maureen akafuta mikono. Inspekta akatoka kwa mlango wa nyuma, akimwombea kimoyomoyo.

"Maureen," Clifford aliita kutoka mlangoni, "wamempata?"

"Wamempata," alisema. "Njoo uketi, Cliff."