Ukungu Kwenye Projekta Mpya

Picha ya kwanza ilipotokea kwenye shuka jeupe, ukumbi wa parokia mjini Iringa ulilipuka kwa kicheko. Ng'ombe aliyetarajiwa alionekana kama furushi la pamba linalotembea. Na hiyo ndiyo projekta mpya iliyosifiwa wiki nzima!

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka 1974. Parokia ilikuwa inalinganisha projekta mbili ili ichague moja: mpya iliyoletwa kutoka Dar es Salaam, na ya zamani ya Ndugu Sedekia, fundi wa Iyunga kule Mbeya. Masharti yalikuwa sawa: filamu ileile, umbali uleule, shuka lilelile. Ya Sedekia ilikwisha kumwonyesha ng'ombe huyohuyo hadi kope.

"Asubuhi niliijaribu mwenyewe, ikatoa picha safi kabisa," Padri Crispin alimnong'oneza Koplo Verediana wa polisi, aliyekuja kutazama sinema tu siku yake ya mapumziko. "Nisaidie, mwanangu. Ikishindwa leo, kesho lori linairudisha."

Verediana alipenda mafumbo kuliko sinema. Aliagiza mwanga uongezwe. Ukungu ukabaki. Mwendo wa filamu ukapunguzwa. Ukungu ukabaki.

"Twende na kitu kimoja kimoja," alisema. "Sasa badilisheni lenzi."

Lenzi zilikuwa za kipimo kimoja, kwa hiyo Sedekia alizihamisha bila taabu. Mara mashine mpya ikatoa picha kali, na ukungu ukahamia kwenye mashine yake!

Verediana aliichukua lenzi ile, akawapa watu mgongo, akainusa, kisha akaifunga kwenye leso.

"Lenzi imechafuliwa makusudi," alitangaza. "Baada ya majaribio ya asubuhi, nani waliingia humu?"

Walikuwa watatu: Sedekia; Limbu, mfugaji wa Rujewa aliyeleta samli kwa masista; na mzee Kalinga, ambaye kwa miaka mingi alisimama kando ya shuka akiwafasiria watu filamu kwa Kiswahili na Kihehe.

"Ndugu Sedekia, wewe ungefaidika."

"Kweli, afande. Lakini ningekuwa mimi, ningekubali kuhamisha lenzi mbele ya watu wote hawa?"

"Na wewe, Ndugu Limbu?"

"Nilichungulia tu, nikaenda jikoni. Mashine hata sikuigusa."

"Mnazunguka nini?" Kalinga alidakia. "Mwenye samli hapa ni Limbu peke yake!"

Watu wote wakageuka kumtazama Limbu.

"Mzee Kalinga," Verediana alisema taratibu, "mimi nimesema lenzi imechafuliwa. Nani kakwambia ni samli?"

Mabega yakamshuka mzee.

"Limbu alinigawia kidogo ya kulainisha koo. Nikapaka kwa kidole. Mashine ile ina spika kubwa, mwanangu! Ikianza kunguruma, nani atanisikia mimi?"

Padri Crispin alicheka mpaka akavua miwani. "Kalinga, si ungeniuliza? Nimeitaka hii kwa sababu ina tundu la maikrofoni. Maikrofoni yenyewe ni yako!"

Verediana alimtaka mzee aombe radhi kwa wote aliowachafulia jina, kisha aisafishe lenzi kwa mikono yake. Limbu alimpa mkono kabla mzee hajamaliza kuomba radhi. Majaribio yakarudiwa, mashine mpya ikashinda waziwazi, na Sedekia akapewa kazi ya kuitunza.

Kalinga alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, ndugu zangu!"

Sauti ilitikisa madirisha. Aliruka nyuma kwa kujiogopa mwenyewe, na ukumbi mzima, Verediana akiwa wa kwanza, ukamwitikia kwa nguvu: "Kamwene!"