Mkono wa Stoo ya Vitambaa

Enyi mnaowacheka wazee wakipapasa kuta, nyamazeni, kwa maana jambo hili lilimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mtu asiyesema uongo.

Alasiri moja ya mawingu umeme ulikatika. Mkewe alikuwa ameshuka stoo, chini ya duka lao, kuchukua kitambaa cheusi, akakawia. Fundi akamfuata. Ujanani macho yake yalizoea giza mara moja. Sasa alisimama kitambo kirefu, na bado ukuta wa kijivu, ngazi za kijivu na gauni la kijivu la mkewe vilikuwa ukungu mmoja.

"Mama watoto, uko wapi?"

"Mbele yako, mzee. Macho yako siku hizi yamebaki pambo tu!"

Akacheka, akanyoosha mkono, akashikwa. Wakaanza kupanda, yeye mbele, akitafuta kila ngazi kwa wayo. Nyuma yake alisikia gauni likiburuzika juu ya saruji.

Ndipo sauti ya mkewe ikatoka chini kabisa, ikitetemeka: "Baba watoto, mbona unaniacha? Unaongea na nani?"

Ee Mwenyezi, mhurumie mja wako! Aligeuka, akakodoa macho, asione ila kijivu juu ya kijivu. Akauvuta mkono wake, usiachiliwe. Akaupapasa ule uliomshika, kidole baada ya kidole. Kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, ambacho mshonaji hukivaa kwenye kidole kimoja tu, mkono ule ulikuwa nacho katika vidole vyote vitano.