Aliyekaribishwa Bila Kutazamwa

Glasi ya chai ya mgeni ilikuwa tupu, lakini Wening hakukumbuka mgeni mwenyewe alikuwa nani.

Kijijini kwao, pembezoni mwa mji wa Kediri, magharibi ikiingia madirisha hufungwa na runinga huzimwa hadi isha, maana ndiyo saa ambayo wasioonekana hupita wakitafuta pa kuketi. Wening aliiacha desturi hiyo tangu mumewe aende kufanya kazi Taiwan. Mlango wazi, runinga inaunguruma, simu mkononi. Tamthilia, ajali, mapishi, ugomvi wa watu asiowajua, vyote alivimeza bila kuchagua, wala havikumfurahisha. Akisikia mtu anaketi mkekani, husema bila kuinua macho, "Karibu, chai hiyo hapo." Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo, lakini waliosema hivyo walikuwa wakimtazama mgeni usoni.

Kisha ikaja harufu ya maua ya kaburini yaliyoanza kuoza. Ikafuata sauti. Binti yake Laras, mtoto wa miaka sita, alicheka mkekani, na mwingine akacheka baada yake kicheko kilekile.

"Unaongea na nani?"

"Rafiki yangu, Mak. Si ulimkaribisha mwenyewe?"

"Haya," akasema Wening, akasogeza video nyingine.

Jioni moja alinyoosha bakuli la wali kumpa mtoto, macho yakiwa kwenye simu, likapokewa, akanyoosha la pili aliweke kando yake, nalo likapokewa, na vidole vilivyolipokea vilikuwa vidogo na baridi mno, ndipo akainua uso, polepole, akawaona Laras wawili wameketi bega kwa bega, gauni moja, kovu moja gotini, wote wanamtazama.

Mganga aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto, Mbah Kasinah, alinusa mara moja tu, akaizima runinga. Kimya kikaumiza masikio.

"Mfukuze, Mbah," Wening alinong'ona.

"Mimi? Nilimkaribisha mimi? Chai nilimpa mimi? Aliyekaribisha ndiye anayeaga. Mshike mwanao mkono, mwingine mwambie aende. Na ukishasema, basi. Neno halirudi."

"Nisaidie basi kumtambua!"

"He! Mtoto uzae wewe, nimtambue mimi?"

Mmoja akafumbua mdomo kulia. Chini, mbele, palikuwa na pengo. Mwingine alikuwa na meno yote. Wening alijitahidi kuukumbuka mdomo wa mwanawe. Zikamjia sura za waigizaji, wauza sabuni, mwanamke mmoja aliyeanguka kwenye ngazi mahali fulani duniani. Mwisho ikamjia picha ya Idi, Laras akitabasamu, meno kamili. Akamshika mkono yule mwenye meno kamili.

"Wewe nenda," akamwambia mwenye pengo.

"Mak?" mtoto akasema mara moja tu. Akavaa ndala zake, kulia kushoto, kushoto kulia, akatoka. Mbah Kasinah aliinama, akafunga kitambaa chake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi jirani, Yu Parti, alipita na kapu la mboga.

"Laras kaamka? Mwambie jino lake lingali juu ya paa langu! Alikuja nalo juzi lilipong'oka, eti nimrushie, Mak anatazama runinga. Kibogoyo wa watu yule, acha nimtanie!" Akaenda zake akicheka.

Wening alisimama pale pale. Alijua alichofanya, akangoja moyo umpasuke, haukupasuka. Akangoja machozi, hayakuja. Alijiona kama anamtazama mtu mwingine. Akatoka hadi barabarani, akageukia mashamba ya mpunga, akaita kwa nguvu zake zote, "Laras!"

"Abee, Mak," akaitikiwa kutoka ndani ya nyumba.