Sumu Haifi kwa Moto

Mtaani mama huyu walimwita Dobi, na jina lake la kuzaliwa wengi hawakulijua. Alifua nguo za watu kando ya bwawa kubwa la jiji, nyuma ya nyumba za ghorofa. Bomba la mtaa lilikuwa mbali, juu ya mlima, na foleni yake haikuwa na mwisho. Bwawa lilikuwa hapo hapo mlangoni. Basi maji ya kufulia, ya kupikia na ya kunywa, yote aliyachota bwawani.

Mwaka ule jua lilichoma kwelikweli. Maji ya bwawa yakapungua, yakatulia, yakafanya utando wa kijani, mzito kama rangi ya kupaka milango. Kila asubuhi Dobi aliusukuma kando kwa ndoo, akachota chini yake. Akifika nyumbani aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha mpaka yakatokota. Mgongo ulimuuma. Moshi ulimjaa machoni. Hata hivyo alijipa moyo: kazi ni ngumu, lakini watoto wanakunywa maji salama.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Mteja mmoja alirudisha mashuka.

"Dobi, mbona yananuka kama dimbwi?"

Akayafua upya, akiwa amechoka hoi. Mikono ikamtoka vipele, ikamwasha. Mbuzi wa jirani akanywa maji ukingoni, akaanguka akafa. Mwishowe binti yake mdogo, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema, akaanza kutapika na kuhara. Akalala kimya mkekani.

"Ni hili jua tu," alisema mama mkwe. "Maji haya tumeyanywa tangu mumeo nikimbeba mgongoni. Yalimuua nani?"

Dobi aliinamia jiko. Alichochea kuni, akachemsha sufuria nyingine.

Mchana ule wifi yake alikuja kuwaona. Alikuwa mpimaji wa usafi wa maji kwenye mtambo wa jiji. Alimgusa Chiriku kwenye paji la uso, akamtazama midomo iliyokauka, kisha akafunua sufuria.

"Wifi, mtoto amekunywa haya?"

"Nimeyachemsha. Nayachemsha kila siku."

"Tumpeleke kituo cha afya kwanza. Tutaongea njiani."

Dobi alimfunga mtoto mgongoni. Njiani, wifi yake alimweleza polepole.

"Ule utando wa kijani si uchafu wa kawaida. Ni viumbe vidogo sana, havionekani kimoja kimoja. Vinazaliana maji yakipata joto la jua na kutulia. Chakula chao ni maji ya vyoo, mbolea na sabuni zinazoingia bwawani. Baadhi yao hutoa sumu."

"Lakini nachemsha!"

"Moto unaua vijidudu, kwa sababu vina uhai. Sumu haina uhai, utaiuaje? Tena ukichemsha sana, maji yanapungua, sumu inabaki humo humo. Kitambaa nacho hakiizuii."

Dobi alisimama katikati ya njia. Aliziona kuni zote alizobeba, moshi wote aliovuta, asubuhi zote alizoamka kabla ya wenzake.

"Kwa hiyo nimemchemshia mwanangu sumu," alisema.

"Umefanya ulichojua, wifi yangu. Na usiache kuchemsha. Maji ya bomba chemsha vilevile. Ila maji yenye utando usinywe, usipikie, usioge, usifulie. Usiwanyweshe hata kuku."

Kituoni Chiriku alipewa dawa ya kuongeza maji mwilini, akalazwa. Hali yake ikatengemaa, wakarudi naye nyumbani.

Sasa ilibaki safari ya kila siku ya bombani, kule mlimani. Mama mkwe alinuna, lakini binti yake, yule mpimaji wa maji, hakumwachia.

"Mama, bwawa la ujana wako halikuwa na mitaro ya ghorofa hizi. Maji yale siyo haya. Na mbuzi wa jirani alikufa kwa jua?"

Bibi akakohoa, akatazama pembeni. Kesho yake alikuwa wa kwanza bombani, amekalia ndoo, anawashikia nafasi. Alikuwa na ulimi mkali, na hakuna aliyethubutu kuruka foleni mbele yake.

"Hata bomba linaniogopa," alisema, "limeacha kukatika."

Dobi alibeba ndoo, akafulia nyumbani. Mumewe, dereva wa lori, aliporudi safarini alichimba shimo mbali na bwawa, akalijaza kokoto, maji ya sabuni yakaingia humo badala ya bwawani. Majirani wawili wakamwiga. Vipele vikapona. Mteja wa mashuka akarudi na mzigo mkubwa zaidi. Chiriku alianza kula, kisha kuuliza maswali, mpaka watu wakamwomba anyamaze.

Lakini kazi haikupungua. Iliongezeka. Na bwawa lilikuwa bado kijani.

Jioni moja Dobi alikuwa akishuka mlima, ndoo kichwani na dumu mkononi, shingo imekakamaa. Alitaka kufika tu, akae chini. Ukingoni mwa bwawa alimwona mwanamke mgeni na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa akiusukuma utando kando kwa mkono, anachota.

Dobi alipiga hatua chache mbele, kana kwamba hakumwona. Miguu ilikuwa ikimwita nyumbani. Kisha akashusha pumzi, akageuka, akamteremkia.

"Dada, hayo usiyachukue."

"Nitayachemsha," mgeni alijibu.

"Najua. Hata mimi niliyachemsha."

Alitua mzigo, akamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Mwanamke akaitazama ndoo yake, akamtazama mtoto.

"Bomba liko wapi?"

"Kule juu. Leo limeshafungwa."

Mgeni akamwaga maji ya kijani chini, mbali na bwawa, akabaki ameshika ndoo tupu. Dobi alimsaidia kuisuuza kwa maji ya bomba. Kisha akafungua dumu lake, akalimimina lote humo.