Pima Ikiwa Imesimama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia ua, akapiga mswaki, kisha akaenda kumjulia hali Ajuza. Ajuza hakuwa mtu. Alikuwa pikipiki ya Babu, kongwe kuliko Mama, na Babu aliipenda kiasi kwamba ikikohoa, yeye ndiye aliyekosa usingizi. Chiriku naye alipewa jina la ndege huyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Macho ya Babu yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo kazi ya kupima oili alimwachia mjukuu wake. Siku ya kwanza alimwelekeza kwa maneno machache, kama kawaida yake: "Pima ikiwa imesimama. Ikipungua, niambie." Chiriku aliitikia kwa kichwa huku akiendelea na hadithi nyingine kabisa.

Basi kila asubuhi aliikuta pikipiki imesimama pale ukutani, imelalia stendi yake ya pembeni. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa, akakichovya tena na kutazama. Kila mara oili ilikuwa chini ya mstari.

Angemwambia Babu, lakini nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Mama alikuwa amesakafia ua kwa saruji mpya, na Ajuza alikuwa ameanza kudondosha matone meusi juu yake. Mama alimwambia Babu, baba yake mzazi, kwa adabu zote kwamba ule ni ua, si gereji. Babu, ambaye ahadi kwake ni deni, akajibu kwamba pikipiki ikiendelea kuvuja hadi Jumamosi, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu yeye mwenyewe. Baada ya hapo aliiacha chai yake ipoe.

Chiriku aliogopa. Aliona kwamba Babu akisikia oili inapungua kila siku, atajua injini imechoka, na huo ndio utakuwa mwisho wa Ajuza. Kwa hiyo alichukua kopo la oili stoo, akaongeza kidogo. Kesho yake akaongeza tena. Babu alipomuuliza, alimjibu, "Imejaa, Babu." Hakuwa anadanganya sana, lakini ukweli wenyewe alikuwa ameukata mkia.

Ajabu ni kwamba Ajuza alizidi kuugua. Babu alipompeleka Chiriku shuleni, moshi wa buluu uliwafuata barabara nzima, na wanafunzi wenzake wakaanza kumuuliza kama amekuja na treni. Matone yakageuka dimbwi. Babu akatega kopo, kopo likajaa. Siku moja Mama alilitafuta beseni lake la kukandia unga nyumba nzima, akalikuta chini ya injini, nusu yake oili.

Ijumaa akaitwa fundi, mwanamke mmoja mpole aliyejulikana kama Mama Spana. Alijilaza chini ya injini, akatoka na tone jeusi katikati ya paji la uso, akauliza oili huongezwa mara ngapi. Babu akajibu kwa majivuno kwamba haijawahi kuongezwa hata tone, kwani mjukuu wake huipima kila siku na huikuta imejaa.

"Mzee wangu," Mama Spana alisema, "inavuja mchana kutwa, inatoa moshi, na bado imejaa. Hii si injini, ni chemchemi."

Akaeleza kwamba hana budi kuifungua injini yote, na vipuri vya pikipiki ya umri ule ni vya kutafuta kwa tochi. Babu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alisema taratibu kwamba kama ni hivyo, basi mtu wa vyuma chakavu na aje. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kiti cha pikipiki, na Chiriku alipouona, moyo ukamuuma.

"Babu," alisema, "imejaa kwa sababu mimi ndiye ninayeijaza."

Hakuongeza neno. Mama alimgusa shingoni kuona kama ana homa.

Mama Spana akamwomba aonyeshe anavyopima. Chiriku akachomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya, akakionyesha: oili ilikuwa chini ya mstari. Fundi akamuuliza kwa nini anapima pikipiki ikiwa imelala upande.

"Babu alisema nipime ikiwa imesimama," Chiriku akajibu. "Si imesimama? Haiendi popote."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Mama Spana akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa ya katikati hadi ikakaa wima, akapima upya. Safari hii kijiti kilitoka kimelowa karibu hadi kwenye mfuniko. Akamweleza Chiriku kwamba pikipiki ikilala, oili hukimbilia upande wa pili na kijiti huambulia kidogo. Na oili ikizidi, hujitafutia njia: nyingine hupenya kwenye sili, ile mipira ya kuzuia uvujaji, nyingine huungua na kutoka kama moshi.

"Mmemnywesha ajuza wa watu mpaka anatapika," alisema.

Akapunguza oili hadi kwenye mstari, akabadilisha sili moja iliyokauka. Jumamosi asubuhi palikuwa na tone moja tu, dogo kama punje ya mtama. Mama aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kwa umri ule, tone moja si kosa. Beseni, hata hivyo, alitaka jipya.

Babu alimwita Chiriku wakakaa pamoja kibarazani.

"Neno langu lilikuwa na maana mbili, na kosa hilo ni langu," alisema. "Lakini nilikuagiza mambo mawili, mjukuu wangu: upime, na uniambie. La kwanza hukulielewa, na kutoelewa hakuna lawama, ungeuliza tu. La pili ulilielewa vizuri sana. Ukificha shida ili umkinge mtu unayempenda, unaiongezea oili, na siku itakapofurika, itammwagikia yeye."