Kichupa cha Hamsini na Nne

Chetezo pepe cha Mwantumu kilikaa juu ya kaunta ya duka, kimeumbwa mithili ya chungu kidogo cha bati, hakina makaa wala majivu. Ndani yake mlikuwa na vichupa sitini na vinne, na kila kimoja kilihifadhi kiini cha harufu moja: sandali, waridi, asumini, ngozi mpya, udongo uliolowa mvua. Msomaji alipofungua blogu ya mfanyabiashara, alama za harufu zilizofichwa kati ya maneno zilisafiri hadi kwenye chetezo cha nyumbani kwake. Sindano nyembamba zilichota katika vichupa, feni ikapuliza, na mtu aliyekaa sebuleni kwake Korogwe akanusa udi wa mtaa wa Ngamiani, Tanga. Waliobuni jambo hilo waliliita mnukisho. Katika Tanga ya miaka ile, muuza maandazi, fundi viatu na mtengeneza sabuni wote walijua kwamba duka lisilo na blogu yenye mnukisho ni sawa na duka lililofungwa.

Jumatatu hiyo asubuhi Mwantumu alifungua blogu yake mwenyewe, akakuta imegongwa muhuri mwekundu. Muhuri ulikuwa na neno moja tu: NAKALA.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Neno lilikuwa pale pale.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika kila Jumatatu juu ya udi anaoutengeneza kwa mikono yake: namna ya kuloweka vijiti katika marashi, namna ya kupika sukari hadi ishike bila kuungua, jinsi mama yake alivyomfundisha kunusa akiwa amefumba macho. Wateja walimjua kwa maandishi hayo kabla hawajamjua kwa sura. Sasa Idara ya Asili, ofisi iliyopewa kazi ya kutenganisha maandishi ya watu na maandishi ya mashine, ilikuwa imepima blogu yake na kuona kwamba inafanana mno na blogu nyingine mia sita zilizokuwa zikitolewa na mtambo mmoja. Kipimo cha Idara kilikuwa rahisi: palipo na wengi, hapo ndipo chanzo, aliye peke yake ndiye aliyeiga.

Mtambo huo uliitwa Kalamu-Jumla. Uliandika blogu na kutunga minukisho kwa niaba ya maduka madogo ambayo wenyewe hawakuwa na muda wala ujuzi wa kuandika. Mmiliki wake alikuwa Shekalaghe, na Mwantumu alimfahamu vizuri, kwa kuwa alikuwa amemfanyia kazi miaka sita. Cheo chake kilikuwa mnusaji. Kila makala ya manukato iliyotungwa na mtambo ilipita kwanza puani pake. Aliyoikubali ilitoka, aliyoikataa ilifutwa. Kisha siku moja akaambiwa asije tena.

Jumanne alipanda hadi ofisini kwa Shekalaghe, ghorofa ya tisa, Chumbageni.

“Shikamoo, Bi. Mwantumu,” Shekalaghe alisema, akainuka kwa adabu.

“Marahaba. Nimekuja kuuliza nani amekupa sauti yangu.”

“Kaa kwanza. Chai?”

“Sikuja kunywa chai. Jana nimesoma blogu ya muuza marashi wa Pangani. Anasema mama yake alimfumba macho kwa upande wa kanga ya bluu akamnusisha vijiti saba. Yule ni mwanamume wa miaka ishirini na mitano, Shekalaghe. Hiyo kanga ni ya mama yangu mimi.”

Shekalaghe alitabasamu kidogo, kama mtu anayemvumilia mgeni. “Mtambo hauibi, Bi. Mwantumu. Unajifunza. Unatazama makala ipi inasomwa zaidi mjini, unaichambua, unawaandikia wengine inayofanana nayo. Zako zinasomwa sana. Ungejisikia fahari.”

“Mwanafunzi akishajifunza, mwalimu ndiye anayeitwa nakala?”

“Hilo ni la Idara, si langu.”

“Waambie Idara ukweli, basi. Waambie mtambo wako unaninakili mimi.”

“Nikiwaambia hivyo, blogu mia sita zitagongwa muhuri. Wewe ni mmoja.”

Mwantumu aligeukia mlango. “Na siku hizi anayenusa ni nani?”

“Hakuna anayenusa. Wewe ulichukua siku nzima kupitisha makala moja. Kalamu-Jumla huisoma yako, huiboresha na kuitoa katika maduka yote ya manukato kwa sekunde nne.” Alifungua mlango. “Dunia haiwezi kusubiri pua.”

Mwantumu alishuka ghorofa zote tisa kwa miguu ingawa lifti ilikuwa inafanya kazi. Kila ghorofa alirudia maneno mawili moyoni: hakuna anayenusa. Alipofika chini hakuwa na hasira tena. Alikuwa na mpango.

Mpango huo ulihusu kichupa cha hamsini na nne. Katika kila chetezo pepe, kichupa hicho kilikuwa na kafuri, ile ambayo watu wa pwani huiita pia karafuu maiti. Waliotengeneza vyetezo walikiweka kwa ajili ya wauzaji wa dawa za kuchua, na mtambo ulijua juu ya kafuri yale tu yaliyoandikwa na wauzaji hao: kwamba hupoza, husafisha, huburudisha. Lakini kila aliyekulia Ngamiani aliijua harufu hiyo kwa jambo jingine. Ndiyo iliyotiwa katika maji ya mwisho ya kumwoshea marehemu, ndiyo iliyopakwa kwenye paji la uso na viganja kabla sanda haijafungwa. Mwantumu mwenyewe ndiye aliyewachanganyia kafuri wafiwa wa mtaa ule, bila malipo, akitia matone ya waridi ndani yake ili isiwachome waliobaki. Wanaoosha maiti hawajitangazi. Hakuna aliyewahi kuyaandika matumizi yale katika blogu, na kwa sababu hiyo mtambo uliojifunza kila kitu kutoka kwenye matangazo haukujua kwamba ni harufu ya kifo.

Jumatano aliandika. Aliandika kwa ustadi wake wote, kwa utulivu, kama anayetunga barua ya posa. Makala ilihusu udi mpya wa bibi harusi: sandali chini, asumini katikati, na juu yake “ubaridi mweupe utakaomkumbusha kila aliye chumbani kwamba siku hii haina marudio.” Katika mnukisho uliofichika nyuma ya maneno aliweka alama ya kichupa cha hamsini na nne, tone moja tu. Alijua tabia ya mtambo. Kitu kipya katika makala inayosomwa sana ulikikuza, ili maduka yake yampite aliyeanza. Tone lake moja lingekuwa kumi.

Kidawa, jirani yake wa duka la pili, alimkuta akitabasamu peke yake.

“Umechumbiwa, shoga?” Kidawa aliuliza. Alikuwa muuza vikuba, vile vishada vya asumini vya kujipamba, na trei yake ya asumini ilikuwa mapajani, sindano mkononi.

“Naandika.”

“Andika na mie niandikiwe. Macho haya yangu hata uzi siuoni, ningeandika nini? Kalamu-Jumla inanisifia vikuba vyangu mpaka naona haya.” Alicheka. “Udi wa Tausi umeuweka? Usije ukauza, nikakuondoa roho.”

“Umo kabatini.” Tausi alikuwa mjukuu wa Kidawa, aliyekaa naye tangu mama yake afariki mwezi wa tatu mwaka ule. Nikaha ilikuwa Ijumaa.

“Udi wako huo ni wa kesho kutwa. Wengine na wafukize bati zao.”

Mwantumu aliyasikia maneno hayo, akayaacha yapite.

Aliichapisha makala Alhamisi, saa kumi alasiri. Aliichagua saa hiyo kwa makusudi. Ndiyo saa ambayo, katika nyumba zenye arusi ya Ijumaa, bibi harusi husingwa, yaani husuguliwa mwili kwa liwa la msandali, na vyetezo huwashwa. Alijua kwamba mahali fulani mjini palikuwa na mabibi harusi. Alijiambia kwamba ni mabibi harusi wa watu wengine.

Alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

Simu yake ikaonyesha blogu ya kwanza ya Kalamu-Jumla yenye udi wa “ubaridi mweupe”, kisha ya pili, kisha safu nzima. Alihisi kitu kitamu kikimpanda kifuani, utamu ambao hakuwahi kuupata katika mwaka mzima. Alikaa akausikiliza mji. Kwanza mwanamke mmoja alifungua dirisha ng'ambo ya barabara akauliza kwa sauti, “Nani amefariki?” Mwingine akamjibu kutoka ghorofani, “Hata huku inanuka. Ni kwa nani?” Wanaume walitoka msikitini wakitazamana. Kinyozi alizima mashine yake, mteja akabaki na nusu ya ndevu. Ndani ya robo saa watu walikuwa wakipigiana simu kuulizana kama wazazi wao wapo salama, na kila chetezo kilipozimwa, jina la duka lililouleta mnukisho lilisomwa kwa laana.

“Sasa itafute pua,” Mwantumu alisema, akimwambia Shekalaghe asiyekuwapo.

Ndipo akaisikia sauti ya Kidawa. Haikuwa ikiita mtu. Ilikuwa ikisema tu, “Mwanangu, mwanangu, mwanangu,” nyuma ya ukuta, katika nyumba iliyoungana na duka.

Alikimbia. Chumbani, Tausi alikuwa ameketi juu ya mkeka, mikono imepakwa liwa hadi viwikoni, kanga nyeupe kifuani. Wasingaji wawili walikuwa wamerudi nyuma hadi ukutani. Kwenye meza ndogo kilikuwapo chetezo pepe ambacho Kidawa alikiwasha ili mjukuu wake afukizwe na blogu ya duka la bibi yake mwenyewe, kwa kuwa udi halisi uliwekewa kesho. Kidawa alikuwa anakipiga kwa kiatu, na chetezo kilikuwa bado kinapuliza.

Mwantumu aliuchomoa waya.

Tausi hakuwa analia. Alikuwa amefumba macho na kuvuta pumzi polepole, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

“Bibi Mwantumu,” alisema bila kuyafumbua. “Nimemnusa mama.”

“Nyamaza, mwanangu. Ni mashine imekosea.”

“Si mashine. Mwezi wa tatu nilisimama mlangoni wakati wanamwosha. Kafuri yake ilikuwa na waridi ndani. Nikamuuliza bibi, akaniambia mji mzima ni wewe tu unayeichanganya hivyo.” Akayafumbua macho. “Hii nayo ina waridi.”

Mwantumu alitaka kukana, kisha akakumbuka. Hakuwa ameipanga waridi. Mkono ulikuwa umeiweka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, mara baada ya kafuri. Mtambo uliichukua pamoja na vingine vyote.

Kidawa alimtazama shoga yake. Kiatu kilikuwa bado mkononi. “Toka,” alisema kwa sauti ndogo. “Toka, Mwantumu, kabla sijasema neno tutakalolijutia.”

Nikaha haikufungwa Ijumaa hiyo. Upande wa bwana harusi ulisema nyumba imeingiwa na ishara mbaya, ukaomba muda. Jumamosi wasomaji walianza kuzifuta blogu za Kalamu-Jumla katika simu zao, za manukato kwanza, kisha za maandazi, kisha zote. Maduka mia sita yaliyokuwa na sauti ya kuazima yalibaki bila sauti yoyote. Trei ya Kidawa ilikaa mlangoni, asumini ikigeuka rangi ya chai.

Jumapili asubuhi alifika ofisa wa Idara ya Asili, Bwana Mhina, mtu mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Aliweka kibao chake cha kioo juu ya kaunta.

“Shekalaghe amekiri kwa maandishi,” alisema. “Ili asibebe lawama ya ile kafuri, amesema Kalamu-Jumla haikuitunga. Iliinakili kutoka kwako, na imekuwa ikikunakili kwa miaka miwili. Mtambo umezimwa. Kwa hiyo tunakuomba radhi kuhusu muhuri.”

Hayo ndiyo maneno ambayo Mwantumu aliyatamani kuyasikia tangu Jumatatu. Aliyangoja yamfurahishe.

“Lakini kuna utaratibu,” Bwana Mhina aliendelea. “Muhuri wa asili hugongwa kwanza kwenye makala yenye mgogoro, ndipo uenee kwenye nyingine. Ukisema makala ya Alhamisi ni yako, miaka yako kumi na mmoja inarudi yote. Makala yenyewe itabaki wazi kwa kila mtu, na jina lako juu yake. Ukisema si yako, tutaandika kwamba mwandishi hajulikani. Hakuna atakayekusumbua, ila blogu itabaki nakala daima.” Akagusa mstari wa mwisho wa kibao. “Kama kafuri iliingia kwa bahati mbaya, kuna nafasi ya kueleza hapa chini.”

Nje, Kidawa alikuwa amefika mlangoni kuichukua trei yake. Alisimama pale, mgongo umegeuka, mikono haishiki kitu. Alikuwa akisikia.

“Haikuingia kwa bahati mbaya,” Mwantumu alisema.

“Nisiandike chochote katika nafasi ya maelezo?”

“Andika kwamba niliitia nikijua ni nini. Andika na saa.”

Bwana Mhina aliandika, kisha akamgeuzia kibao. Mwantumu aliweka kidole, na juu ya makala ya bibi harusi ukatokea muhuri wa kijani: ASILI. Chini yake lilikuwapo jina lake, kamili, bila kosa.

Alipoinua macho, Kidawa alikuwa ameshaondoka. Trei ilibaki mlangoni.