Beleshi la Gurudumu na Bomba la Bibi Alphonsine

Mlango wa jikoni uligongwa mara tatu, na Mireille akajua papo hapo kwamba huyo si jirani. Majirani zao hapo Fort Kent, mji mdogo wa kaskazini kwenye baridi kali, hawakuwa na desturi ya kugonga. Waliingia tu, huku wakikung'uta theluji viatuni. Tena nani angetembea asubuhi kama ile, baada ya dhoruba kuvuma usiku kucha?

Aliacha ploye yake, aina ya chapati ya maji, kikaangoni, akachungulia kwenye kioo cha mlango. Nje alisimama mwanamume mrefu asiyemjua, theluji ikimfika magotini, ndevu zimeganda barafu.

"Usimfungulie," alinong'ona binamu yake Gaspard, aliyekuwa mezani na mdomo umejaa. "Huyo ana sura ya kula watoto."

"Basi ataanza na wewe, ndiwe mnono," Mireille alimjibu, lakini mlango hakuufungua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake, Colette, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda zamu kiwandani, akifuata nyuma ya gari la kusafisha barabara.

Mgeni alirudi nyuma hatua mbili, akainua mikono. "Msifungue, wanangu! Nisikilizeni hapo hapo mlipo. Naitwa Pinette, ni fundi wa hita, natoka mji wa Caribou. Gari langu limetumbukia mtaroni. Naomba beleshi tu."

"Tunalo la kisasa!" Gaspard alipaza sauti. "La gurudumu! Mireille ndiye dereva wake."

Mireille alimgeukia kwa ukali. Jana jioni mama alimwuliza, "Umelifuta beleshi? Umelirudisha bandani?" Naye alijibu, "Ndiyo, mama," bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Ukweli ni kwamba alikuwa ameliacha nje, limeegemea ukuta wa jirani yao, Bibi Alphonsine, likiwa limelowa chapachapa.

"Lipo... lipo pale nyumba ya pili," alisema kwa sauti ndogo. "Ukutani."

Mgeni alishukuru, akaenda. Mireille alirudi kwenye kikaango, akakuta ploye imeungua.

Beleshi lile lilinunuliwa mwanzoni mwa msimu, kwa sababu mgongo wa mama haukuweza tena kuinua theluji. Lilikuwa na gurudumu moja kubwa katikati, bamba pana mbele na mpini mrefu nyuma. Unalisukuma, bamba linajaa. Unaukandamiza mpini, bamba linainuka kama upande mmoja wa mizani. Ukilisukuma kwa kishindo, theluji inaruka yenyewe. Hata mtoto aliweza kulitumia, na kwa hiyo Mireille alipewa kazi ya kusafisha njia yao na ya Bibi Alphonsine, ajuza wa miaka themanini na mmoja aliyeishi peke yake.

Mama alimpa masharti machache. Beleshi likaushwe na lilale bandani. Na theluji itupwe bustanini, isirushwe kamwe kwenye ukuta wa Bibi, upande wa bomba la hita. "Nyumba inapumua kwa bomba lile," mama alisema. "Ukiliziba, moshi unarudi ndani."

Lakini jana bustani ilikuwa mbali, baridi ilikuwa ikichoma masikio, na Gaspard alisimama pembeni akihesabu. "Kumi na tisa! Ishirini! Huwezi kufikisha hadi dirishani, mwoga wewe!" Mireille aliweza. Alirusha, akarusha, mpaka ukuta ukavikwa theluji hadi usawa wa kifua. Alijiambia atakuja kuiondoa kesho.

Mlango uligongwa tena. Safari hii mgeni hakurudi nyuma, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani anakaa nyumba ile?"

"Bibi Alphonsine."

"Taa inawaka, nimebisha hajibu. Na bomba la hita silioni. Baridi kama hii lingekuwa linatoa mvuke kama birika. Mna ufunguo?"

Ufunguo wa Bibi ulining'inia pale pale mlangoni kwenye msumari. Mireille alifungua mlango, akamkabidhi.

"Wewe kijana, piga simu ya dharura," Pinette alimwambia Gaspard. "Sema bomba limezibwa, kuna gesi, kuna mzee ndani. Nawe, binti, nionyeshe bomba lilipo. Ila mle ndani usitie mguu, umesikia? Gesi ile haina rangi wala harufu. Inamlaza mtu kama usingizi."

Walikimbia. Theluji iliwafika mapajani, na kila hatua ilikuwa kama kung'oa gogo. Pinette alifungua mlango wa mbele, akauacha wazi, akavuta pumzi ndefu na kutoweka ndani.

Mireille alilikimbilia beleshi. Mpini tu ndio ulioonekana. Aliuvuta kwa nguvu zote, likatoka, lakini gurudumu halikuzunguka. Maji ya jana yalikuwa yameganda kwenye ekseli, na kwenye bamba liling'ang'ania bonge la barafu zito kama jiwe la kusagia. Alilipiga teke. Alilisukuma kwa kifua. Lilijiburuta shubiri moja, likakwama, kisha pini iliyoshika mpini ikakatika, imeliwa na kutu na barafu.

"Tafadhali," alilia, bila kujua anamwomba nani. "Tafadhali, tafadhali."

Alipiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Theluji aliyoirusha jana haikuwa laini tena. Ilikuwa imeshikana kama chokaa, na dhoruba ilikuwa imeongeza juu yake. Glavu moja ilipasuka. Kila alipochimba alisikiliza ndani, na ndani kulikuwa kimya. Aliwaza kwamba Bibi yuko upande wa pili wa ukuta huu, mita moja tu kutoka mikononi mwake. Aliwaza, nimemuua. Neno hilo lilimjia lote zima, naye hakuweza kulifukuza.

Vidole vyake viligusa chuma. Alifukua kukizunguka mpaka mdomo wa bomba ukawa wazi. Hakuna kilichotoka. Pinette alikuwa ameshaizima hita.

Alipozunguka mbele, Pinette alikuwa akitoka kinyumenyume, akikohoa, amembeba Bibi Alphonsine ndani ya blanketi. Uso wa ajuza ulikuwa mwekundu isivyo kawaida, na mkono wake mmoja ulining'inia kama kitambaa.

"Amekufa?" Mireille aliuliza. Sauti haikutoka, akauliza tena. "Amekufa?"

"Anapumua. Kwa shida, lakini anapumua."

Gari la wagonjwa lilipofika, muuguzi wake, mama mnene mwenye sauti ya haraka, alimvika Bibi barakoa ya oksijeni. Kisha aliuliza huku akiandika, "Bomba limezibwa tangu lini? Nahitaji saa. Daktari atampima kwa muda aliovuta hiyo sumu."

"Ni upepo," Gaspard alisema upesi, akimtazama Mireille. "Upepo wa alfajiri. Si ndiyo, Mireille?"

Pinette aliitikia kwa kichwa. "Inawezekana. Dhoruba ilikuwa kali."

Mireille aliona jinsi ilivyo rahisi. Hakutakiwa hata kudanganya, alitakiwa kunyamaza tu. Upepo haungebisha. Mama asingejua. Shuleni wasingemwita muuaji.

Lakini muuguzi alikuwa ameshaandika, "alfajiri, saa mbili au tatu zilizopita."

"Si alfajiri!" Mireille alipiga kelele mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Ni tangu jana saa kumi jioni. Mimi ndiye niliyeliziba. Nilirusha theluji pale na beleshi, nikaiacha. Dhoruba imeongezea tu."

Muuguzi alimtazama kwa nukta moja, akafuta alichoandika. Hakumkaripia. Alimgeukia dereva, akasema, "Huyu hatumpeleki hapa karibu. Piga simu hospitali yenye mtambo mkubwa wa oksijeni, waambie amevuta tangu jana." Milango ikafungwa, gari likaondoka.

"Mjinga wewe," Gaspard alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa nakuokoa."

"Najua," alisema Mireille.

Mama alirudi mchana. Mireille alimweleza yote akiwa amesimama, pamoja na lile "Ndiyo, mama" la uongo. Aliogopa kofi. Kofi halikuja, na hilo lilimtisha zaidi. Mama alikaa kitini na koti lake la kiwandani, mkono mmoja mgongoni. Simu ilipolia, wote wawili waliruka. Mama alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, akaiweka chini.

"Amefumbua macho," alisema. "Ameuliza nani atamlishia paka wake." Kisha akalia, na Mireille akalia naye.

Jioni waliliingiza beleshi ndani ili barafu yake iyeyuke. Mama hakulishika. Alikaa akielekeza, na Mireille akafanya. Alilikausha kwa matambara mpaka viungo vya ndani. Alisugua kutu kwa msasa, akatia grisi kwenye ekseli, akazungusha gurudumu mpaka likaimba. Alikaza kila nati, akaweka pini mpya, na mwishowe akasugua bamba kwa mshumaa, ili theluji iteleze isigandie.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Beleshi halikumdhuru Bibi. Uvivu mdogo ndio uliomdhuru, na uongo mdogo ukaufunika, kama theluji juu ya theluji. Kifaa ukikitunza leo, kitakutunza siku ya hatari. Lakini daktari amesema saa uliyoitaja ndiyo iliyowafanya wampeleke moja kwa moja kwenye ule mtambo mkubwa. Ukweli wako ulichelewa, mwanangu, ila ulifika."

Bibi Alphonsine alirudi baada ya siku tisa, mwembamba kama ufito. Mireille alienda kumwomba radhi. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala akitafuta maneno, na alipofika mbele yake alisema tu, "Nisamehe, Bibi."

"Hata mimi nina kosa," Bibi alisema. "King'ora cha gesi kilikuwa kinanilialia pale darini, piii, piii, kama kifaranga. Nikakitoa betri. Tulikuwa wapumbavu wawili, mmoja nje, mmoja ndani."

"Bibi, kila theluji itakapoanguka, nitafukua bomba lako kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Nakuahidi."

"Ahadi ya msimu mzima hiyo, mjukuu wangu. Huku kwetu msimu ni mrefu."

Mwezi Machi ulileta mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji, vigari vya kuteleza thelujini, na Mireille alichaguliwa na darasa lake kushika kamba ya timu ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia. Alikuwa ameomba nafasi hiyo miaka mitatu. Asubuhi yenyewe theluji ilianguka, nene na nzito, bila upepo.

Gaspard alikuja mbio, kofia imempinda. "Twende! Dakika ishirini zimebaki! Bomba utalifukua tukirudi, theluji yenyewe haijafika hata hapo!"

Mireille aliutazama ukuta. Theluji ilikuwa imebakiza shubiri mbili kufika kwenye bomba, na bado ilikuwa ikishuka.

"Tangulia," alisema. "Mpe Lucette wa darasa letu kamba yangu."

Alifungua banda, akalitoa beleshi, akaanza kusukuma kuelekea bustanini, kule mbali. Alikuwa kwenye safari ya kumi na moja aliposikia kutoka mjini mbwa wakibweka wote kwa pamoja, watu wakishangilia, kisha vikengele vikiingia msituni na kufifia. Alisimama kidogo kusikiliza. Halafu akaukandamiza mpini, akaendelea na safari ya kumi na mbili.